Kuchagua Ukubwa wa Betri ya Gari la Umeme

Katika mada iliyotangulia ulijifunza kazi, nishati na nguvu, na bila shaka ulifanya maswali ya kreni inayonyanyua mzigo na ya mtu anayepanda ngazi. Mada hii inatumia kanuni zilezile kujibu swali ambalo watu hulilipia fedha nyingi: mtu anayekwenda kazini na kurudi kila siku kwa gari la umeme anahitaji betri kubwa kiasi gani? Betri ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari hilo. Ukinunua kubwa mno, umelipia uzito unaouzungusha mjini bila kazi. Ukinunua ndogo mno, utalala njiani.

Tuseme kuna mwalimu anayeishi Kibaha na kufundisha karibu na Posta, Dar es Salaam. Kutoka kwake hadi shuleni ni km 40, kwa hiyo kwa siku anatembea km 80. Amepata mkopo wa SACCOS na anataka kununua gari la umeme lililotumika kutoka Japani, aina ya Nissan Leaf. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 2010 likiwa na betri ya kWh 24. Baadaye zikaja za kWh 30 (2015), kWh 40 (2017) na kWh 62 (2019). Mwalimu ana betri nne za kuchagua, na bei hupanda kadiri betri inavyokuwa kubwa na gari linavyokuwa jipya. Tutafanya hesabu pamoja naye hadi mwisho, kwa hiyo weka karatasi na kalamu karibu.

Kizio cha kWh

Kabla ya yote, hakikisha unajua kWh ni nini. Kilowati-saa ni kizio cha nishati, si cha nguvu. Ni nishati inayotumiwa na kifaa chenye nguvu ya kW 1 kikiwashwa kwa saa 1:

1 kWh = 1,000 W × 3,600 s = 3,600,000 J = 3.6 MJ

Uniti moja unayonunua kwenye LUKU ni kWh 1. Kwa hiyo betri ya kWh 24 ikiwa mpya na imejaa ina nishati sawa na uniti 24 za umeme wa nyumbani. Fikiria betri kama tangi la maji: kWh ni ujazo wa tangi, na kW ni kasi ya maji yanayotoka bombani. Swali la mtihani likikuuliza "nguvu" ukajibu kwa kWh, umepoteza alama hata kama tarakimu ni sahihi.

Kwa nini usiamini umbali ulioandikwa kwenye tangazo

Mwalimu anakwenda kwa dalali. Dalali anamwonyesha gari la kWh 40 na kumwambia, "Mwalimu, hii ukiichaji mara moja inakwenda kilomita 400. Kwenda na kurudi Kibaha mara tano!" Dalali hajadanganya kabisa. Nchini Japani gari hilo lilitangazwa kwa umbali wa km 400. Lakini nchini Marekani gari hilohilo, lenye betri hiyohiyo, lilitangazwa kwa km 243.

Betri haikupungua ilipovuka bahari. Kilichotofautiana ni namna ya kupima. Japani wakati huo ilitumia utaratibu uitwao JC08, ambao mwendo wake wa wastani ni km 24 hivi kwa saa, taratibu kabisa. Utaratibu wa Marekani unahesabu pia mwendo wa barabara kuu na matumizi ya kiyoyozi. Gari la kWh 24 la mwanzo lilikuwa na tofauti ya namna hiyo pia: km 200 kwa Japani, km 117 kwa Marekani. Kwa kuwa magari mengi yaliyotumika yanayoletwa nchini hutoka Japani, umbali utakaotajiwa mara nyingi ni ule mkubwa.

Basi usianze na umbali wa tangazo. Anza na safari yako, tafuta nishati inayohitajika, kisha rudi nyuma hadi kwenye betri.

Nishati inakwenda wapi?

Gari linapotembea kwenye barabara tambarare kwa mwendo usiobadilika, injini yake inapambana na kani mbili. Ya kwanza ni ukinzani wa matairi yanapobonyea juu ya lami. Kani hii hutegemea uzito wa gari na haibadiliki sana mwendo unapobadilika. Ya pili ni ukinzani wa hewa, ambao huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, ukinzani wa hewa unazidishwa mara nne.

Mfano wa 1. Gari lenye tungamo la kg 1,600 lina matairi yenye kizigeu cha ukinzani cha 0.01. Ukinzani wa hewa ni 0.4v², ambapo v ni mwendo kwa m/s. Tafuta nishati inayotoka kwenye betri kwa kila km 1 (a) kwa mwendo wa 20 m/s, (b) kwa mwendo wa 30 m/s. Ufanisi kutoka betri hadi magurudumu ni 80%. Chukua g = 10 N/kg.

Ukinzani wa matairi = 0.01 × 1,600 × 10 = 160 N

(a) Ukinzani wa hewa = 0.4 × 20² = 160 N
Kani yote = 320 N
Kazi kwa km 1 = 320 × 1,000 = 320,000 J = 0.089 kWh
Nishati ya betri = 0.089 ÷ 0.8 = 0.11 kWh

(b) Ukinzani wa hewa = 0.4 × 30² = 360 N
Kani yote = 520 N
Kazi kwa km 1 = 520,000 J = 0.144 kWh
Nishati ya betri = 0.144 ÷ 0.8 = 0.18 kWh

Tazama majibu hayo vizuri. Mwendo wa 20 m/s ni km 72 kwa saa, na wa 30 m/s ni km 108 kwa saa. Dereva aliyeongeza mwendo kwa nusu ameongeza matumizi ya betri kwa zaidi ya 60% katika kila kilomita. Hii ndiyo sababu gari la umeme huenda mbali zaidi mjini kuliko barabara kuu, kinyume cha gari la petroli ambalo watu wamelizoea.

Na foleni je? Hapa wanafunzi wengi hukosea kwa sababu wanalifikiria gari la petroli. Injini ya petroli inaunguza mafuta hata gari likiwa limesimama. Mota ya umeme ikisimama, imesimama, haitumii chochote. Tena dereva anapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati ya mwendo kwenye betri, ingawa si yote, kwa hiyo kusimama na kuondoka mara kwa mara bado kuna hasara. Kwa safari ya mwalimu, yenye kasi kiasi upande wa Kibaha na simama-ondoka kuanzia Mbezi hadi katikati ya jiji, tutachukua 0.15 kWh kwa km.

Kinachomla mwalimu kwenye foleni ni kiyoyozi. Kiyoyozi hakijali kama gari linatembea au limesimama; kinahesabu saa, si kilomita. Joto la Dar es Salaam unalijua. Tukichukua nguvu ya kiyoyozi kuwa kW 1.5, na mwalimu anakaa ndani ya gari saa 3 kwa siku, kwenda na kurudi:

Nishati ya kutembea = 80 × 0.15 = 12 kWh
Nishati ya kiyoyozi = 1.5 × 3 = 4.5 kWh
Jumla kwa siku = 16.5 kWh

Andika 16.5 kWh pembeni ya karatasi yako. Tutairudia mara nyingi.

Betri ya kWh 24 inatosha?

Ukiangalia haraka utasema inatosha na kusaza, maana 24 ni kubwa kuliko 16.5. Mwalimu wetu naye karibu alipe, kwa kuwa gari la kWh 24 ndilo la bei nafuu. Lakini kuna mambo mawili hayamo kwenye hesabu hiyo.

Jambo la kwanza ni umri. Betri ya lithiamu hupungua uwezo kadiri inavyotumika na kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha kupungua huko. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji au kwa feni. Betri hupoa yenyewe kwa hewa inayopita. Mwaka 2012 wenye magari haya katika jiji la Phoenix, kwenye jangwa la Arizona nchini Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zimepungua mapema kuliko walivyotarajia. Pwani yetu si jangwa, lakini hakuna msimu wa baridi wa kuipumzisha betri kama ilivyo Japani.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna mistari midogo 12 inayoonyesha afya ya betri, tofauti na ile inayoonyesha chaji. Usidhani kila mstari ni sawa na sehemu moja ya kumi na mbili. Mstari wa kwanza huzimika uwezo unapokuwa umepungua kwa takriban 15%, kisha kila mstari unaofuata ni takriban 6%. Kwa hiyo gari lenye mistari 11 limeshapoteza si chini ya 15%, na lenye mistari 9 limebakiwa na uwezo wa karibu 70%. Gari la kWh 24 lililotengenezwa miaka kumi au zaidi iliyopita likiwa na mistari 9 si jambo la kushangaza.

Jambo la pili ni akiba. Gari halikuruhusu kutumia nishati yote hadi tone la mwisho. Hubakiza kidogo ili seli zisiharibike. Na wewe mwenyewe unahitaji akiba kwa ajili ya mvua kubwa, barabara iliyofungwa au kumpitia mtoto shuleni.

Mfano wa 2. Mwalimu ananunua gari la kWh 24 lenye afya ya 70%. Gari hubakiza 5% ya uwezo uliopo. Je, atafika nyumbani?

Uwezo uliobaki = 24 × 0.7 = 16.8 kWh
Unaoweza kutumika = 16.8 × 0.95 = 15.96 kWh
Matumizi kwa km = 16.5 ÷ 80 = 0.206 kWh
Umbali = 15.96 ÷ 0.206 = km 77

Hatafika. Asubuhi ataondoka Kibaha betri imejaa, atafundisha siku nzima, na usiku gari litasimama km 3 kabla ya nyumbani, akiwa ameshapita Kibamba. Km 3 ni chache kwenye karatasi, lakini kwa mtu aliye peke yake usiku kando ya Barabara ya Morogoro, na gari ambalo huwezi kulitilia kidumu cha mafuta, ni nyingi. Angeweza kuzima kiyoyozi na kufika, ni kweli. Lakini gari ambalo kila siku linakutaka uchague kati ya kutoka jasho na kulala njiani halijachaguliwa vizuri.

Kurudi nyuma hadi kwenye ukubwa sahihi

Sasa tunageuza hesabu. Tunajua mahitaji, tunatafuta betri. Kanuni ni hii:

Ukubwa wa betri = Nishati ya siku ÷ (afya × sehemu inayotumika)

Kwa afya, usiweke ya siku unayonunua. Weka ile unayotarajia miaka michache baadaye, kwa sababu safari ya kwenda kazini haitapungua betri inapozeeka. Tuchukue 75%. Kwa sehemu inayotumika tuchukue 85%, yaani 15% inabaki kama akiba ya gari na ya dereva kwa pamoja.

Ukubwa = 16.5 ÷ (0.75 × 0.85) = 16.5 ÷ 0.6375 = 25.9 kWh

Betri ndogo kuliko zote inayozidi 25.9 kWh ni ile ya kWh 30. Kwenye mtihani hapo ndipo jibu linapoishia, na alama zote unapata. Lakini mwalimu ana swali lingine ambalo mtihani unaweza usiuulize: umeme ukikatika usiku kucha, kesho nitakwendaje kazini?

Ili atembee siku mbili bila kuchaji anahitaji 33 kWh. Betri ya kWh 30 yenye afya ya 75% ina 22.5 kWh, kwa hiyo haiwezi. Ya kWh 40 yenye afya hiyohiyo ina 30 kWh, nayo haifiki 33. Lakini akizima kiyoyozi na kufungua madirisha kwa siku hizo mbili anahitaji 12 × 2 = 24 kWh tu. Sasa ya kWh 40 inaweza, na inabakiza 6 kWh. Ya kWh 30 bado haiwezi. Kwa hiyo kama shuleni kwake kuna soketi anayoruhusiwa kuitumia, gari la kWh 30 linamfaa. Kama hakuna, na mtaani kwake umeme hukatika mara kwa mara, mimi ningemshauri aongeze fedha achukue la kWh 40. Tofauti ya majibu haya mawili haitokani na fizikia ya gari bali na soketi iliyopo au isiyokuwepo ukutani shuleni.

Na betri ya kWh 62? Mwalimu anasema anaitaka kwa sababu mara mbili kwa mwaka huenda kwa wazazi wake Morogoro. Tuipime safari hiyo. Kutoka Kibaha ni km 150 hivi, na gari linapanda takriban meta 350. Likiwa na abiria na mizigo, tungamo ni kg 1,800.

Kutembea, kwa 0.16 kWh kwa km = 24 kWh
Kiyoyozi, saa 2.5 = 3.75 kWh
Kupanda = mgh = 1,800 × 10 × 350 = 6.3 MJ = 1.75 kWh; kwa ufanisi wa 80% = 2.2 kWh
Jumla = karibu 30 kWh

Betri ya kWh 40 yenye afya ya 75%, ikiondolewa 5%, inatoa 28.5 kWh. Itaishiwa akiwa tayari anaiona milima ya Uluguru. Ya kWh 62 yenye afya hiyo inatoa 44 kWh na itafika vizuri. Kwa hiyo mwalimu ana hoja. Lakini kwa siku nyingine zote za mwaka atakuwa anabeba betri ambayo zaidi ya nusu yake haimfanyii kazi, na mkopo ataulipa kila mwezi, si mara mbili kwa mwaka. Tangu Juni 2024 kuna treni ya abiria ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nayo ni ya umeme. Nauli ya safari mbili haiwezi kulingana na bei ya betri.

Kuchaji nyumbani

Soketi ya kawaida ya V 230 ikitoa A 10 kwa muda mrefu ina nguvu ya:

P = VI = 230 × 10 = 2,300 W = 2.3 kW

Kiasi cha 10% hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo ili kurudisha 16.5 kWh unachota 16.5 ÷ 0.9 = 18.3 kWh kutoka ukutani, yaani uniti 18.3 za LUKU kwa siku. Muda = 18.3 ÷ 2.3 = saa 8. Akichomeka saa 3 usiku, saa 11 alfajiri gari liko tayari.

Hapa pana mtego. Swali likiuliza, "Kama mwalimu angekuwa na betri ya kWh 62, angechaji kwa saa ngapi kila usiku?", wengi huzidisha muda kwa sababu betri ni kubwa. Jibu ni saa 8 zilezile. Unarudisha ulichotumia, na ametumia 16.5 kWh. Betri kubwa huchelewa kujaa pale tu inapokuwa imetumika sana.

Kumbuka pia kwamba A 10 kwa saa 8 mfululizo si sawa na pasi inayowashwa dakika 20. Waya mwembamba wa nyumba ya zamani, au waya wa kuunganishia wa dukani, utapata moto. Fundi umeme akague kwanza.

Zoezi

Muuguzi anatembea km 50 kwa siku na kutumia kiyoyozi cha kW 1.5 kwa saa 2. Gari linatumia 0.15 kWh kwa km. Ameonyeshwa Leaf ya kWh 24 yenye mistari 9 ya afya, bei nafuu.
(a) Tafuta nishati anayohitaji kwa siku.
(b) Kwa afya ya 70% na sehemu inayotumika ya 85%, je, gari hilo linamtosha leo?
(c) Atalazimika kuliacha afya ya betri ikifika asilimia ngapi?

Majibu: (a) 7.5 + 3 = 10.5 kWh. (b) 24 × 0.7 × 0.85 = 14.3 kWh, linamtosha. (c) 10.5 ÷ (24 × 0.85) = 0.51, yaani karibu 51%. Gari lilelile ambalo lingemlaza mwalimu njiani linamfaa muuguzi, na bado lina miaka mbele yake.